Ngoja Rafu za Hesabu Zijae

Gari la wakaguzi lililokuwa likiondoka halijafika hata langoni, chuo kizima kikalipuka kwa vifijo. Wanafunzi wa hesabu walirusha madaftari juu na kuyaacha yaanguke popote. Mpishi wa bweni alitoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini, akaambiwa, naye akaanza kucheza pale pale. Hata mlinzi, ambaye kazi yake kubwa ni kuwakemea wanaokimbia uani, siku hiyo alikimbia uani.

Habari yenyewe ilikuwa hii: chuo kimepita. Kuanzia muhula unaofuata kingefundisha hesabu mpaka mwaka wa mwisho, na hakuna mwanafunzi ambaye angefunga tena sanduku katikati ya masomo kwenda kumalizia kwenye vyuo vya watu. Na kilichowaridhisha wakaguzi, walisema wenyewe kwa vinywa vyao, si bweni jipya wala lami ya uani. Ni maktaba. Tena si maktaba nzima, ni chumba kimoja cha ghorofani kilichojaa vitabu vya hesabu kutoka sakafuni mpaka darini.

Mkutubi hakupiga kelele. Yeye na kelele ni maadui wa siku nyingi. Alipanda ngazi polepole, akafungua kile chumba, akasimama katikati ya rafu, mikono kiunoni, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Na kwa nini asitabasamu? Alipoajiriwa hapa, hesabu zote za chuo zilikaa kwenye rafu moja ya chini kabisa, jirani na ndoo ya kudekia: vitabu vilivyochanika majalada, vinavyonuka unyevu, na katikati yake kitabu cha ufugaji wa kuku kilichopotea njia. Mkuu wa Chuo alimwambia siku ile ile ya kwanza, "Binti, hesabu hazitaki vitabu vingi. Zinataka chaki." Leo Mkuu huyo huyo alikuwa chini anawaeleza wageni kwamba wazo la chumba cha hesabu alilipata yeye, tena usingizini. Mwache ajisifu. Furaha ikiwa kubwa, kila mtu anamega.

Yeye alijua kilichofanyika. Aliikumbuka siku alipokataa masanduku ya msaada, yaliyojaa vitabu vya kodi za nchi ambayo hakuna mwanafunzi atakayewahi kuiona, Mkuu akamfokea mbele ya watu, naye akajibu kwa upole, "Mkuu, maktaba si jaa." Aliujua kila mgongo wa kitabu humu ndani, kwa sababu kila lebo aliibandika kwa mkono wake.

Lakini hakukijenga chumba peke yake, na hapo ndipo ilipoanza shughuli.

Alikuwepo mwalimu wa hesabu. Wanafunzi walimbatiza Thibitisha, kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha, na wewe mwenyewe umelowa chapachapa, atakujibu, "Thibitisha." Mrefu, mwembamba, shati halikosi chaki kwenye kiwiko. Mara ya kwanza alipoingia ofisini kwa Mkutubi alikuja na ndoto za vitabu vizito vizito, vya kileleni, vya kusomwa na watu wenye mvi. Mkutubi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamwekea mezani vitabu vitano vya zamani, vyote vya somo moja, vyote vimefungwa.

"Usifungue," alimwambia. "Vitazame ubavuni."

"Nitazame nini?"

"Uchafu, mwalimu."

Thibitisha aliinama. Kitabu kinachosomwa huchafuka ukingoni mwa kurasa, pale vidole vinapopita. Vitabu vyote vitano vilikuwa vyeusi kuanzia mwanzo mpaka karibu robo. Baada ya hapo, weupe mtupu, kana kwamba vimetoka kiwandani jana.

"Wanafika hapa, wanakwama," alisema Mkutubi. "Mwaka hadi mwaka, darasa hadi darasa, wote wanakwama mahali pamoja. Mimi najua ni wapi. Sijui ni kwa nini. Ukiniambia kwa nini, nitakutafutia kitabu."

Mwalimu alifungua pale weusi ulipoishia, akasoma, akakaa chini bila kukaribishwa. "Hapa ndipo uthibitisho wa kwanza unapoanza," alisema taratibu. "Jamani! Kumbe si somo linalowashinda. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha uthibitisho unasomwaje. Na mimi kila siku nawafokea kwamba ni wavivu."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao. Mkutubi anatafuta walipokwama, mwalimu anatafuta kwa nini, kisha wote wawili wanatafuta kitabu cha kuwavusha: vijitabu vyembamba vya mantiki, vitabu vya mazoezi vyenye majibu yaliyoelezwa hatua kwa hatua, vya maumbo, vya uwezekano, mpaka njia ikafika juu kwenye vile vizito alivyoviota mwalimu. Haba na haba. Na baina ya kitabu na kitabu, macho yakaanza kukutana mahali pasipo na kitabu.

Thibitisha alimwomba wafunge ndoa. Akaja akamwomba tena. Kila mara Mkutubi alikuwa na jibu moja: "Ngoja rafu za hesabu zijae." Yeye alikuwa na miaka thelathini na sita, Thibitisha thelathini, na hiyo sita ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Chuoni hapakuwa na aliyejua. Mbele za watu waliitana "Mwalimu" na "Mkutubi" kwa adabu ya watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Ni mpaka wafike nyuma ya rafu ya jiometri ndipo waliposalimiana kibinadamu.

Leo rafu zilikuwa zimejaa. Wazo hilo lilimjia akiwa bado anatabasamu, na tabasamu likapungua kidogo. Hapo hapo akasikia mtu mlangoni.

"Hodi humu!"

"Karibu," alijibu, akageuka.

Aliingia mama mmoja mfupi, mnene wa kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, mkoba umebanwa kwapani kama unaotaka kutoroka. Alisimama akavuta pumzi za ngazi, huku macho yake yanakagua chumba rafu kwa rafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mkutubi?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Mimi ni mama yake Thibitisha. Nasikia hivyo ndivyo mnavyomwita. Jina nililompa mimi lina kasoro gani, sijui."

Mkutubi alimjua mama huyu kwa sifa tu: mwalimu mkuu mstaafu, aliyefundisha hesabu watoto wadogo mpaka nywele zikageuka, na ambaye mwanawe humwogopa mpaka leo kwenye simu. Alivuta kiti, akakipangusa ingawa hakikuwa na vumbi, akamkaribisha.

"Nimekuja kuwapongeza," alisema mama akiketi. "Nimesikia huko chini. Chumba kizuri. Nani aliyepanga hivi?"

"Mimi, mama. Pamoja na... pamoja na idara."

"Idara," mama alirudia, akavaa miwani. "Idara ina mikono mizuri. Sasa mwanangu, nimepanda ngazi hizi zote kwa sababu nina shida, na wewe ndiye wa kunisaidia. Unamwona mwanangu kila siku, au siyo?"

"Tunaonana kikazi, mama."

"Basi kikazi hivyo hivyo nisaidie. Kuna chuo kikuu kimemwita. Kikubwa, cha jina. Wanamtaka kesho awe amewajibu. Namuuliza, umewajibu? Ananiambia, 'Mama, nasubiri jibu la mtu.' Mtu gani? Kimya! Mimi niliyemzaa, najibiwa kimya!"

Chuo kikuu. Kesho. Mwanamume aliyemweleza hata soksi yake ilipotoboka hakumweleza hili. Mkutubi alishika mhuri uliokuwa mezani, akaugeuza geuza ili mikono iwe na kazi.

"Pengine anafikiria tu, mama."

"Anafikiria nini? Kuna mwanamke hapo. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, hayafichiki. Tena rafiki yake wa nyumbani kaniambia kamzidi umri, jina halijui. Miaka sita!" Mama aliinua vidole, akaviangalia mwenyewe kama vimemkosea. "Na kutoa sijaanza kujifunza leo. Kijana wangu akiwa na arobaini, huyo ana arobaini na sita. Sasa huyo mwanamke ni nani? Humjui?"

Ungekuwa wewe, msomaji, ungejibuje? Mkutubi aliwajibu wakaguzi maswali ya siku nzima bila kumeza mate. Alishawahi kumnyamazisha mwanasiasa aliyekuja kupiga simu kwenye chumba cha kusomea. Lakini sasa aliugeuza tena ule mhuri.

"Mimi, mama, shughuli zangu ni vitabu."

"Vitabu." Mama alimtazama juu ya miwani. "Na wewe una miaka mingapi, mwanangu?"

"Ya kutosha, mama."

Kabla mama hajasema neno, mlango ulisukumwa, Thibitisha akaingia mbio, uso wote meno, mikono imenyooshwa mbele kama mtu anayekuja kumbeba mtu. Alipomwona mama yake aliishusha mikono ile polepole, na mmoja ukaishia kujikuna kisogo.

"Mama! Umefika saa ngapi?"

"Saa ya kukuta watu wanakimbia uani. Hongera, mwanangu." Alimkumbatia, akampangusa chaki kwenye kiwiko. "Nimekaribishwa vizuri sana na dada huyu. Mbona hukuwahi kuniambia habari zake hata siku moja?"

Thibitisha alimtazama Mkutubi. Yalikuwa macho ya kuomba ruhusa, wala hakuyaficha. Alimpa nafasi. Aliisubiri ruhusa hiyo, na Mkutubi, Mungu amsamehe, alitazama mhuri.

"Huyu ni mkutubi wetu, mama," alisema Thibitisha. "Anafanya kazi nzuri sana."

Maneno mazuri, yenye heshima zote. Ndivyo mtu anavyomtambulisha mgeni kwa mashine mpya ya fotokopi. Yalimchoma Mkutubi mpaka ndani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aliyaagiza mwenyewe.

Sauti ya Mkuu wa Chuo ilipanda kutoka chini, inamwita mama mgeni ashuke apate soda kabla sherehe haijaanza. Mama alichukua mkoba wake. Alipofika mlangoni alimgeukia Mkutubi. "Mwanangu, nakuomba. Huyu anakusikiliza, naona. Mwambie aende." Akashuka, ngazi moja moja, akiguna.

Walibaki wawili na vitabu vyao.

"Chuo kikuu," alisema Mkutubi. "Niambiwe na mama yako."

"Nilijua utasema nini."

"Ningesema nini?"

"Ungesema niende."

"Basi nenda!"

"Umeona?"

Mkutubi aliweka mhuri chini kwa kishindo. "Unataka niseme nini? Nikuzuie? Uje kuniambia baadaye kwamba nimekukalia njiani, kwamba ungekuwa profesa mkubwa kama si mimi? Sitaki kuwa mzigo wa mtu. Nina heshima yangu."

"Nani amekuambia nabaki kwa ajili yako? Nataka kubaki kwa sababu hawa wanafunzi sasa wana njia ya kupanda mpaka juu, na niliijenga kwa mikono yangu, na nataka kuwaona wakifika. Hiyo ni kazi yangu, najivunia. Nilichokuomba wewe ni kitu kingine kabisa."

"Sikia..."

"Ulisema ngoja rafu zijae. Nikangoja. Zimejaa." Alionyesha kwa mkono, ukuta hadi ukuta. "Imebaki nini? Niambie, kama kuna pahali pa kuingiza hata kijitabu kimoja, niendelee kungoja."

Mkutubi alikaa kwenye kile kiti alichokalia mama. Hasira ilikuwa imemwishia, pamebaki ukweli, nao ulitoka kwa sauti ndogo. "Watacheka. Unajua watakavyosema? 'Mkutubi kaazima kijana wa watu, hamrudishi.'"

Thibitisha hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimtoka. "Hiyo ni nzuri," alikiri. "Hiyo ningeisema hata mimi." Kisha akapiga magoti mbele yake ili macho yalingane. "Sikiliza, mpenzi. Mimi sina haya na wewe. Nikipita na wewe barabarani, natamani barabara iwe ndefu. Kila kitabu humu ndani ukikigusa nasema moyoni, yule ni wangu, na hakuna ninayeweza kumwambia. Wewe ndiye una haya na mimi."

"Si wewe! Ni umri wangu ninaouficha."

"Unapoficha umri wako, anayefichwa ni mimi."

Mkutubi alinyoosha mkono amguse shavu, lakini mwalimu alikwisha kusimama. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakujisumbua kuyafuta.

"Kesho asubuhi nawajibu," alisema. "Nikibaki, nitabaki mchana kweupe, mbele ya mama yangu na mbele ya kila mtu. Kama ni kuwa siri, bora niwe siri ya mbali. Hapa karibu inauma mno."

Akatoka. Mkutubi alisikia viatu vyake vikishuka, na kila hatua aliihisi kifuani. Angeweza kumwita. Badala yake alifanya anachofanya siku zote akizidiwa: alianza kunyoosha vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka, kimoja kimoja, aljebra, jiometri, takwimu, na kila alichokishika kilikuwa na ugomvi wao mdogo ndani yake, na kicheko chao, na jioni ambayo waliulizana hadi lini watu wataendelea kuiogopa hesabu. Watu huogopa kwa sababu hakuna aliyewashika mkono pale penye giza, Thibitisha alisema jioni ile. Na yeye Mkutubi alikuwa ameafiki kwa kichwa, mtu mzima, bingwa wa kuwavusha wenzake.

Hakupata muda wa kulia. Ngazi zilianza kuunguruma, na chuo kizima kikamiminika ndani.

Chumba kilishiba watu mpaka wengine wakabaki kwenye korido, wananyoosha shingo. Mkuu wa Chuo alisimama mbele ya rafu ya kalkulasi akiwa amevaa koti licha ya joto. Thibitisha alisimama dirishani na mama yake, uso umefungwa. Mkutubi alijibanza kule nyuma, kama kawaida yake.

Mkuu alisema mengi. Alisema juu ya maono, alisema juu ya uongozi, alisema juu ya usiku ule alioota. Mwishowe akafika penyewe. "Na shukrani za pekee kwa mwalimu wetu wa hesabu, aliyetujengea hazina hii! Mpigieni makofi!" Makofi yakapigwa. Thibitisha alitikisa kichwa kwamba si hivyo, lakini katika kelele zile nani amwone? "Mkutubi naye yuko wapi? Ah, kule. Njoo useme mawili matatu. Na upaze sauti, leo tumekuruhusu!"

Watu wakacheka, wakampisha njia. Alipita katikati yao. Alipofika mbele aligeuka, akauona umati wote pamoja: wanafunzi aliowajua kwa walipokwama na walipojikwamua, walimu, mpishi, mlinzi, na kule dirishani watu wawili waliofanana paji la uso.

Alipiga moyo konde.

"Mkuu amesema chumba hiki kimejengwa na mwalimu," alianza. "Ni kweli, nusu. Nusu nyingine ni mimi."

Vicheko vilikatika. Mkuu akakohoa.

"Nasema hivyo kwa sababu ni hivyo, na ninajivunia. Hakuna kitabu humu kilichokuja kupamba ukuta. Kila kimoja tulikitafuta kwa sababu kuna mmoja wenu alikuwa amekwama mahali. Mimi niliona ni wapi, mwalimu akaona ni kwa nini. Ningekuwa peke yangu, ningejaza rafu vitabu nisivyovielewa. Angekuwa peke yake, angejaza vitabu ambavyo angevisoma mwenyewe." Wanafunzi wakapiga kelele za kukubali, na hata Thibitisha aliinua uso. "Hivyo ndivyo maktaba hii ilivyojengwa. Watu wawili, kila mmoja ana nusu."

Angeweza kuishia hapo. Ilikuwa hotuba nzuri, ingetosha kabisa, na makofi yalikwisha kuanza. Aliinua mkono yakakoma.

"Kuna na jingine. Mwalimu huyu amenichumbia."

Soda ya mtu fulani ilimiminika koridoni, hakuna aliyegeuka.

"Amenichumbia zaidi ya mara moja, nami nimemweka kama kile kitabu cha kabatini kisichoazimwa, eti watu wasije wakasema. Basi nawaambia mimi kabla hamjaambiwa na mtu. Mimi nina thelathini na sita. Yeye ana thelathini. Mnaofanya hesabu, fanyeni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, leo humu ndani hakuna kimya." Alingoja. Hakuna aliyecheka. Akamtazama Thibitisha moja kwa moja, na sauti ikapata nguvu ambayo hakujua anayo. "Nampenda. Sioni haya tena, wala sijui niliona haya ya nini, maana kama kuna mwanamume wa kujivunia katika jengo hili lote, ni yule pale. Kama bado ananitaka, mimi namtaka."

Jamani! Paa lingekuwa la mabati lingeng'oka. Wanafunzi walipiga vigelegele, walipiga meza, walipiga hata rafu, na Mkutubi kwa mazoea akapaza sauti, "Rafu jamani, taratibu!" wakazidi. Mkuu wa Chuo alijifuta jasho kwa karatasi ya hotuba. Thibitisha alikuwa ameshapenya katikati ya watu, hatazami anayemkanyaga. Alimshika mikono yote miwili, akaiweka usoni mwake, akabaki hivyo hivyo, mabega yanatikisika.

Nyuma yake watu walikuwa wakimpisha mama.

Kelele zilishuka zenyewe. Mama alikuja na mkoba wake kwapani, akasimama mbele ya Mkutubi, akavaa miwani.

"Mama," alisema Mkutubi, "naomba unisamehe. Uliponiuliza kule mwanzo nilikudanganya."

"Wewe? Umdanganye nani?" Mama aliguna. "Nimefundisha maisha yangu yote. Mtoto anayejua jibu na hanyooshi mkono namtambua kwa shingo tu. Nilipoingia na kukuona unapangusa kiti kisafi, nikasema, huyu hapa."

"Ulijua? Na yote yale uliyoniambia..."

"Nilikuwa nakuuliza swali. Na ulinikera, nikwambie ukweli! Huo umri siupendi, sitakudanganya. Tutagombana juu yake mpaka tuzeeke, na wewe utanifuata uzeeni kabla yake." Watu walicheka, naye akawatazama mpaka wakanyamaza, kisha akarudi kwa Mkutubi, na safari hii sauti ilikuwa imelainika. "Lakini kilichonitoa nyumbani kwangu si miaka. Niliambiwa kuna mwanamke anamficha mwanangu. Mtoto huyu nimemzaa mchana, nimemlea mchana, nimemsomesha watu wote wanaona. Nikasema lazima nikamwone huyo anayemfanya bidhaa ya magendo. Nilikuwa nimekusudia kesho niondoke naye. Nakwambia, ningeondoka naye."

"Na sasa, mama?"

Mama alimvuta Mkutubi, akamkumbatia kwa nguvu, mkoba na miwani vyote vikabanwa katikati, na Mkutubi aliyeyazuia machozi mchana kutwa akayaachia kwenye bega la mkwewe. Mama alimpigapiga mgongoni, taratibu, kwa mkono wa mtu aliyewahi kutuliza madarasa mazima.

Thibitisha alisimama pembeni yao, anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, na wale watu wa chuo kikuu niwajibu nini?"

"Unaniuliza mimi?" mama alisema bila kumwachia Mkutubi. "Muulize aliyekuzidi umri."

Chumba kizima kiliangua kicheko, kisha kila mtu akatega sikio. Thibitisha alimgeukia Mkutubi. Hakushusha sauti, wala hakutazama kama kuna anayesikia.

"Nibaki?"

Mkutubi alijifuta macho kwa kiganja, akainua kidevu.

"Baki," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka chini uani.